Kilomita 50 kwa Saa Mbele za Mungu

Wiki hii nataka tujiulize swali ambalo pengine hujalisikia madhabahuni: mtu akipunguza mwendo kwa sababu simu imemwambia kuna kamera mbele, je, ametii, ama ameogopa tu?

Nina sababu ya kuuliza. Ijumaa moja hivi karibuni nilikuwa naenda mazishi Nakuru na mzee mmoja wa kanisa letu. Kabla ya kutoka tuliomba, tukalifunika gari kwa damu ya Yesu. Tulikuwa tumechelewa. Simu yangu ilikuwa pale mbele, ikinionyesha njia. Wengi wenu mnaijua hiyo programu: inaonyesha mwendo wako na kikomo cha barabara, na ukizidisha, nambari inageuka nyekundu na sauti inalia. Tulipopita Gilgil ilikuwa imelia mpaka nikachoka. Nikanyoosha kidole, nikaizima sauti. Nikasema, "Hii inatusumbua bure."

Haikupita muda tukaingia soko moja dogo. Sheria ya Kenya iko wazi: ndani ya mji au soko, mwisho ni kilomita 50 kwa saa. Mimi nilikuwa 90. Boda boda iliyobeba watoto wawili wa shule ikakata barabara mbele yetu. Nilikanyaga breki kwa miguu yote miwili. Tulisimama karibu nao hivi kwamba niliona soksi ya yule mdogo imeteremka. Mwenye boda akainua mkono, akaniomba msamaha. Yeye, mimi! Akaondoka.

Mzee hakusema kitu kwa kilomita kadhaa. Kisha akaniambia kwamba aliwahi kuendesha matatu, na mwaka wa 2004, zile sheria za Waziri John Michuki zilipoanza, magari ya abiria yalifungwa vidhibiti mwendo visivyoruhusu kupita 80. "Pasta," akasema, "sisi wengine tulikuwa tunakata waya. Wewe umebonyeza tu."

Wapendwa, neno hilo nimelala nalo na kuamka nalo. Nilikuwa nimeomba ulinzi asubuhi, na mchana nikamnyamazisha mlinzi.

Kwa kuwa nilisomea biashara, nilirudi nyumbani nikapiga hesabu. Tuseme lile soko lina urefu wa kilomita mbili. Kwa mwendo wa 50 unalivuka kwa dakika mbili na sekunde 24. Kwa mwendo wa 90 unatumia dakika moja na sekunde 20. Faida yangu ilikuwa sekunde 64. Sasa angalia gharama. Ukienda 90, gari linakata mita 25 kila sekunde, na nguvu ya kugonga ni zaidi ya mara tatu ya ile ya 50. Na nani angelipa? Si mimi niliyefunga mkanda. Ni mtoto ambaye hakukaa kwenye mkutano wa bei, hakuulizwa, hakutia sahihi. Darasani tulifundishwa kwamba biashara ambayo faida ni yako na hasara ni ya jirani si biashara halali. Mbona barabarani naiita haraka tu?

Sasa turudi kwa swali letu. Najua ndugu watasema, "Pasta, hiyo ni sheria ya binadamu, sisi tuko chini ya neema." Wengine wanaenda mbali zaidi. Nimewahi kusikia ushuhuda wa mtu akimshukuru Mungu kwa sababu simu ilimwonya kuhusu askari wa trafiki, akapunguza, akapita, akaongeza tena. Tulipiga makofi. Hata mimi nilipiga. Lakini tulikuwa tunamshukuru Mungu kwa nini hasa? Kwamba tumeishi, ama kwamba hatukushikwa?

Paulo katika Warumi 13:5 anasema tutii mamlaka, si kwa kuogopa adhabu peke yake bali pia kwa ajili ya dhamiri. Hakatai kwamba hofu inafanya kazi. Inafanya. Kamera ikimpunguza mtu mwendo, mtoto anayevuka hapo anapona, na kwa mama yake hiyo si habari ndogo. Lakini hofu inaishia pale kamera inapoishia. Dhamiri inaendelea mpaka soko linalofuata, mahali hakuna askari, kuna boda boda tu.

Kuna amri moja ndogo tunayoiruka haraka, Kumbukumbu la Torati 22:8. Mungu aliwaagiza Waisraeli, mtu akijenga nyumba, aweke ukingo kwenye paa ili asiwe na hatia ya damu mtu akianguka. Tazama vizuri: hakuna aliyeanguka bado. Mungu anahesabu upendo wako kwa mtu usiyemjua, ambaye hajafika, na ambaye hatajua kamwe kwamba ulimfikiria. Kikomo cha 50 sokoni ni ukingo wa paa. Ukikiheshimu, hakuna mtu atasimama Jumapili kushuhudia kwamba ulimwokoa. Hata yeye hajui.

Lakini tuseme ukweli wote. Simu nayo hukosea. Inajua mwendo wako kutokana na setilaiti zilizo juu angani, kama kilomita 20,000 hivi, lakini kile kikomo hakitoki angani. Kimeandikwa kwenye ramani na watu, na barabara ikibadilishwa ramani inaweza kubaki ya zamani. Unaweza kuona simu ikisema 80 na kibao cha barabarani kinasema 50. Hapo fuata kibao. Na kibao kikiwa kimeng'olewa na watoto wanatoka shule, fuata macho yako. Dhamiri pia ni hivyo. Katika 1 Wakorintho 4:4 Paulo anakiri kwamba hata dhamiri isipomshtaki, hilo halimpi haki. Anayemhukumu ni Bwana. Basi dhamiri nayo inahitaji kusahihishwa kwa Neno. Lakini kukosea mara moja moja si ruhusa ya kuizima. Mimi sikuizima kwa sababu ilikosea. Niliizima kwa sababu ilikuwa inasema kweli.

Hapo ndipo Roho alinishika. Kwa sababu si simu peke yake niliyowahi kuinyamazisha. Kuna mke aliyeniambia jambo mara tatu nikamwita msumbufu. Kuna rafiki aliyeniuliza kuhusu pesa fulani nikaacha kupokea simu zake. Wewe unajua yako.

Wiki hii, kwenye ushirika wa nyumbani, jadilini haya: Ni sauti gani umeizima kwa sababu inasema kweli? Na ni nani anayelipa gharama ya haraka yako?

Mimi nimerudisha sauti. Bado inalia, na bado inanikera. Tuombe: Bwana, tufundishe kupunguza mwendo mahali ambapo hakuna anayetuona ila Wewe, kwa ajili ya watoto tusiowajua. Amina.