Windo la Chambo

Kuwinda ni kazi ya kale kama njaa. Mtu wa zamani aliwinda ili ale, na mnyama alipomponyoka alilala na tumbo tupu. Baadaye alitokea mwindaji wa namna nyingine, asiyesukumwa na njaa bali na hamu ya fahari. Huyu hulipa fedha nyingi, hupewa kiongozi alijuaye pori, na mnyama huvutwa kwa chambo mpaka mbele ya bunduki yake. Mwindaji huyu akipata, amepata nini? Akikosa, amekosa nini? Usiyapuuze maswali haya, msomaji, kwa sababu hata wewe usiyepata kushika bunduki una mawindo yako.

Katika misitu ya Amerika ya Kaskazini dubu huwekewa mikate iliyolala, vitu vitamu na mabaki ya samaki, na mwindaji humngoja juu ya mti. Kwetu hakuna dubu, lakini windo la jinsi hiyo lilijulikana sana kwa chui na simba. Nchini Kenya uwindaji wa wanyama wakubwa kwa fahari ulikatazwa mwaka 1977; nchini Tanzania bado huruhusiwa kwa leseni. Kazi yenyewe ni hii. Kiongozi hutafuta nyayo za chui, huchagua mti wenye tawi nene, na juu yake hufunga mzoga wa swala au ngiri kwa nguvu ili usichukuliwe. Matumbo ya mzoga hubururwa chini ili harufu ienee. Kibanda cha majani hujengwa mahali ambapo upepo hautampelekea mnyama harufu ya mtu. Alasiri mwindaji huingia humo akakaa kimya, bila kukohoa wala kujikuna, mpaka jua lichwe.

Usidhani kwamba furaha ya mtu huyu ni ya uongo. Aliyezoea kelele za mji, akinyamaza kwa saa tatu, hulisikia pori kama aliyezibuliwa masikio. Ndege hurudi viotani, nyani hulia kwa hofu, kisha kila kitu hunyamaza. Na tawi lililokuwa tupu huonekana lina chui. Moyo gani usingedunda? Tena mtetezi wa chambo ana hoja nzito. Husema kwamba mnyama aliyetulia huweza kutazamwa vizuri, dume akatambuliwa na jike mwenye watoto akaachwa, na kwamba risasi ya utulivu huacha majeruhi wachache kuliko risasi ya mbioni.

Lakini siku nyingi chui haji. Upepo hugeuka, au fisi hutangulia, au mnyama hushiba kwingine. Siku za leseni hwisha, na fedha hazirudi. Hapo ndipo tabia ya mwindaji hudhihirika. Mmoja hukumbuka kwamba kupata si kwa werevu na kukosa si ujinga, akashukuru kwa jioni alizopewa. Mwingine humkaripia kiongozi wake, kana kwamba chui ni bidhaa ya dukani iliyokwisha lipiwa. Yuko pia wa tatu, ambaye huzuni yake huja baada ya kupata. Huitazama ngozi ukutani, akajua kwamba nyayo zilifuatwa na mwingine, mti ulichaguliwa na mwingine, na kama chui angalijeruhiwa akakimbilia kichakani, wa kutangulia kumfuata angalikuwa huyo huyo mwingine. Kilichobaki kuwa chake ni kidole kimoja kilichofyatua bunduki.

Historia ina mfano wa jambo hili. Novemba 1902 Rais wa Marekani, Theodore Roosevelt, alikwenda Mississippi kuwinda dubu. Kiongozi wake, Holt Collier, mtu aliyezaliwa utumwani, alimfukuza dubu kwa mbwa, akampiga, akamfunga mtini, kisha Rais akaitwa aje apige risasi. Roosevelt alikataa, akaona kwamba kumpiga mnyama aliyefungwa si ungwana. Sifa yake ilienea hata mwanasesere wa dubu akaitwa Teddy, kwa jina lake. Hata hivyo dubu hakuokoka. Aliuawa kwa kisu ili maumivu yake yakome, na jina la Collier halikuvuma kama la Rais.

Mwaka 1909 mtu huyo huyo alikuja Afrika ya Mashariki. Yeye na mwanawe Kermit waliua wanyama 512. Lakini katika uwanda wa Uasin Gishu, karibu na kilima cha Sergoit, mahali pasipo mbali na ulipojengwa mji wa Eldoret, aliiacha bunduki yake kimya akatazama. Wapanda farasi walimzuia simba, na Wanandi wakamzunguka kwa mikuki na ngao. Simba alimwangusha mmoja wao kabla ya kufa. Katika duara ile hapakuwa na mtu aliyenunua ushindi. Kila mmoja aliuweka mwili wake rehani.

Je, basi msaada ni aibu? La, hasha. Tarehe 12 Oktoba 2019, mjini Vienna, Eliud Kipchoge, aliyekuwa akifanya mazoezi yake Kaptagat karibu na Eldoret, alikimbia mbio za marathoni kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Wakimbiaji 41 walipokezana kumwongoza na kumkinga upepo. Kwa sababu ya msaada wa namna hiyo, muda ule haukuandikwa kuwa rekodi ya dunia. Hakuna aliyefichwa jambo hilo, wala hakuna aliyemkimbilia hata hatua moja. Watu walishangilia ukweli, na ukweli ulitosha.

Hapa ndipo hukumu yangu ilipo. Kiongozi na chambo huweza kukusogeza karibu na jambo, lakini haviwezi kukupa heshima yake. Heshima hutoka katika sehemu uliyoitenda mwenyewe, na katika kusema kweli juu ya sehemu iliyotendwa na wengine. Mwindaji asemaye, "Kiongozi wangu alimtafuta, mimi nilingoja," hana la kuonea haya katika maneno yake. Yule ajisifuye kuwa shujaa wa pori amefanya udhalimu maradufu: amemwibia kiongozi jasho lake, na amechukua uhai wa kiumbe, ambao haulipwi kwa fedha, ili aupambe uongo.

Nawe, msomaji kijana, mwalimu wako ni kiongozi wa mawindo yako. Mfuate bila haya, kwa maana naye alifuata wengine. Lakini siku ya mtihani, atokeapo mtu na karatasi ya majibu ya kuuza, jua kwamba chambo hicho hakikutungikwa kwa ajili ya chui. Kimetungikwa kwa ajili yako. Afadhali urudi nyumbani mikono mitupu, ukijua nyayo ulizozifuata, kuliko kutungika ukutani cheti ambacho kila ukitazamapo kitakuuliza ni nani aliyewinda.