Popo na Chozi wa Pemba



Kisiwa cha Pemba kina viumbe kadhaa wasiopatikana penginepo duniani; nitataja wawili. Mmoja ni chozi wa Pemba, ndege mdogo mwenye mdomo uliopinda, ambaye dume lake humeta kijani na zambarau likipigwa na jua. Mwingine ni popo mkubwa mla matunda, mwenye manyoya ya hudhurungi na mabawa yanayopita mita moja na nusu kutoka ncha hadi ncha.

Chozi hupendwa na kila mtu. Huja mchana, hufyonza maua, huimba. Hahitaji wa kumtetea.

Popo ndiye ninayetaka kumsemea. Tunamwita kipofu, ilhali huyu ana macho makubwa, na usiku huyatafuta maembe na tini kwa kuona na kunusa. Tunda hulitafuna, akanywa maji yake na kutema makapi. Mbegu ndogondogo humeza, akazidondosha mbali akiruka, mahali ambapo mti uliozizaa usingezifikisha. Maua yanayofunguka usiku, kama ya msufi, humngoja yeye, maana chozi saa hizo amelala. Mama huzaa mtoto mmoja tu, akamnyonyesha na kuruka naye akiwa amemng'ang'ania kifuani. Na sisi tumemlipa nini? Risasi. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1990, uwindaji na ukataji wa misitu ulikuwa karibu kummaliza. Baadhi walipata hifadhi kwenye miti ya makaburini. Wanakijiji wa Kidike waliamua kuwalinda, na hesabu za kisiwa kizima za miaka ya 2000 zilipita popo 20,000. Mungu awabariki watu wale.

Lakini chuki haikuishia kwa mnyama. Mwaka 1995 hofu ya Popobawa, pepo aliyedhaniwa kuwavamia watu usiku majumbani, ilienea Pemba na Unguja, hata watu wakalala nje ya nyumba zao. Katika hofu hiyo, mgonjwa wa akili aliuawa na umati uliodhani kuwa ndiye. Hofu tuliipa mabawa ya popo, kisha tukamtwika binadamu. Nasi wa bara tusijione wema: Usukumani vikongwe wameuawa kwa kudhaniwa wachawi kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoumizwa na moshi wa kuni wakiwapikia wajukuu.

Najua Walawi 11 inawataja ndege najisi na kumweka popo mwishoni. Ile ilikuwa sheria ya chakula. Haikumpa mtu ruhusa ya kuchukia. Petro aliijua sheria hiyo tangu utotoni, ndiyo maana kule Yafa, katika Matendo 10, alikataa alipoonyeshwa katika maono shuka lenye wanyama na ndege wa kila namna na kuambiwa ale. Akiwa bado anajiuliza maana yake, wajumbe wa Kornelio, askari asiye Myahudi, wakafika mlangoni. Akaenda Kaisaria, akaingia nyumba aliyofundishwa tangu utoto asiiingie. Aliporudi Yerusalemu, ndugu walimshutumu kwa kula na watu wale. Petro hakuficha, aliwaeleza habari yote tangu mwanzo.

Katika mtaa wetu yupo bibi ambaye watoto hukatazwa kupita mlangoni pake. Nimezungumza naye, na amekubali kutupokea. Jumuiya itasali kwake Jumanne saa kumi na moja jioni. Kila nyumba ije na chakula, na watoto waje pia. Tutakula huko huko.