Ya Kale ni Dhahabu, Lakini Je, Yote?

Ndugu msomaji, bila shaka umepata kuwasikia wazee wakiyasifu magari ya zamani. Husema kwamba Peugeot 504 au Land Rover ya siku zile ilikuwa chuma kitupu. Ikizimika njiani, dereva alifunua boneti, akasafisha kabureta kwa mkono wake, na safari ikaendelea. Magari ya leo, wasema, hayamtii fundi mpaka yapimwe kwanza kwa kompyuta. Kisha huikumbuka barua iliyongojewa kwa majuma, na redio moja iliyowakusanya majirani wote barazani. Wahenga nao wametuachia methali mbili: ya kale ni dhahabu, na kipya kinyemi ingawa kidonda. Ya kwanza yawafariji wazee, na ya pili yawaonya vijana.

Je, Mwislamu asimame upande gani? Swali hili si dogo. Anayeitafuta dini ya kweli hulikuta mlangoni mwa imani, kwani nafsi inayoogopa kuacha chombo ilichokizoea ndiyo hiyo hiyo inayoogopa kuacha itikadi iliyoizoea.

Kwanza tuwape wazee haki yao. Ni kweli kwamba gari la kale lilikuwa jepesi kutengenezwa, na mwenye nalo alilijua. Lakini kumbukumbu huhifadhi tamu na kusahau chungu. Mwaka 2009 huko Marekani, wachunguzi wa usalama barabarani waligonganisha Chevrolet ya mwaka 1959 na Chevrolet ya mwaka 2009. Wengi wangalidhani kwamba chuma kizito cha kale kitashinda. Kumbe chumba cha abiria cha gari la kale kilipondeka, na sanamu iliyowekwa mahali pa dereva ikaonyesha kwamba mtu asingalitoka salama. Bali dereva wa gari jipya angaliumia mguu tu. Sababu ni kwamba sehemu ya mbele ya gari jipya imeundwa ili ijikunje na kuipokea nguvu ya mgongano kabla haijamfikia mtu, naye amezuiwa na mkanda na mfuko wa hewa.

Hata harufu ya petroli ya siku zile, ambayo wengine huitamani, ilikuwa na sumu ndani yake. Petroli ilitiwa madini ya risasi tangu miaka ya 1920, na risasi hudhuru ubongo wa watoto. Nchi za Afrika zilizo kusini ya Sahara ziliiacha kufikia mwaka 2006, na Algeria ikawa ya mwisho duniani mwaka 2021.

Mtukufu Mtume Muhammad s.a.w. alimfundisha mtu amfunge kwanza ngamia wake, kisha amtegemee Mwenyezi Mungu. Basi mkanda wa gari ndiyo kamba ya ngamia wa zama zetu. Na katika mwaka 627, Madina ilipotishwa na majeshi makubwa, yeye mwenyewe aliikubali shauri ya Salman Mfursi r.a. ya kuchimba handaki, njia ambayo Waarabu hawakuizoea. Hakuikataa kwa kuwa ni mpya, wala kwa kuwa ni ya wageni.

Tena Kurani Tukufu, baada ya kutaja farasi, nyumbu na punda kuwa vipando, yatuambia kwamba Mungu ataumba na vingine tusivyovijua (16:9). Na katika Sura At-Takwir (81:5) yataja wakati ambapo ngamia wenye mimba pevu, mali azizi ya Mwarabu, wataachwa. Sisi Waahmadiyya twaona kwamba habari hiyo imetimia machoni petu kwa treni, magari na ndege. Mtu atachukiaje jambo ambalo ni ushahidi wa ukweli wa Kitabu chake?

Kwa hiyo Seyidna Ahmad a.s., Masihi Aliyeahidiwa, alisafiri kwa treni, akavitumia viwanda vya kupigia chapa kueneza vitabu vyake. Na mwaka 1901, ilipokuwapo Qadian mashine ya kunasa sauti, alitunga shairi la kuwaita watu kwa Mungu ili wenyeji wasio Waislamu walisikie humo. Nasi wa Afrika Mashariki tunalo jambo la kukumbuka: Waahmadiyya wa kwanza waliofika Mombasa mwaka 1896 walikuja kwa kazi ya reli ya Uganda. Chombo kipya cha wakati ule ndicho kilichouleta ujumbe pwani yetu.

Lakini usifikiri kwamba kila kipya ni baraka. Reli ile ile ilileta dawa na ulevi pia. Simu iliyomwezesha mwana kumsalimu mama yake aliye mbali ndiyo inayomsahaulisha mama aliye naye chumbani. Gari likiokoa saa nzima ya safari, saa hiyo ni amana, itaulizwa ilikotumika. Na tukichunguza vizuri, wazee hawailii kabureta. Wawalilia majirani wa barazani, na subira, na kusaidiana njiani. Hayo hayakuwa mali ya mashine, wala mashine mpya haituzuii kuyarudisha.

Pengine utauliza: ikiwa chombo cha kale chaachwa, kwa nini kisiachwe Kitabu cha kale? Jibu ni jepesi. Chombo huchakaa kwa kuwa kimetungwa na mtu, na elimu ya mtu huongezeka. Uongozi hutoka kwa Yule Ambaye elimu Yake haipungui wala haiongezeki. Waliohiji kwa miguu, kwa jahazi, na wanaohiji kwa ndege, wote wameielekea Al-Kaaba moja.

Basi, ndugu msomaji, usiipime itikadi kwa umri wake, iwe ya babu zako au ya jana. Ipime kwa hoja, na kwa sala umwombe Mungu akuonyeshe. Ukiiona kweli, usibaki nyuma kwa sababu tu ya mazoea. Mwenyezi Mungu atujalie kuyashika yaliyo mema ya wazee wetu, na kuzipokea neema Zake mpya kwa shukrani. Amin.