Ushahidi wa Chuma

Katika karakana za Marekani zinazofufua magari ya miaka ya 1960, huja saa ambayo fundi huzima mashine na kumwita mwenye gari. Bloku ya injini imekwisha kuvuliwa kila kilichokuwamo, imeoshwa, imelazwa juu ya meza ya chuma. Uso wake wa juu, pale inapokaa silinda hedi, umepinda kwa joto la miaka mingi, na usiponyooshwa gasketi haitaziba, maji yataingia katika mafuta, na injini itakufa mara ya pili. Dawa yake yajulikana: kisu cha mashine kipite juu ya uso huo na kuondoa ngozi nyembamba, pengine isiyozidi unene wa karatasi. Lakini ikiwa injini ni ya Chevrolet ya zama hizo, ukingoni mwa uso huohuo, kwa mbele, upande wa abiria, pana kijukwaa kidogo kilichogongwa herufi na tarakimu. Kisu kitakachouponya uso ndicho kitakachoifuta nambari. Fundi auliza: kikate au kisikate?

Wapo mafundi stadi wanaokisimamisha kisu kabla hakijakifikia kijukwaa, wakaacha kidaraja kinachoonekana kwa jicho. Hilo huwezekana mara nyingine, na mara nyingine haliwezekani. Lisipowezekana, mtu aliyekuja kutengenezewa gari hujikuta mbele ya swali ambalo wanafalsafa wamelizunguka kwa karne nyingi: kitu huwa ni chenyewe kwa sababu gani?

Thamani ya tarakimu hizo haieleweki bila kukumbuka magari yenyewe yalikuwa nini. Mwaka 1964 kampuni ya Pontiac ilichukua injini kubwa ya lita 6.4 na kuitia katika gari la umbo la wastani, ikaliita GTO. Wengine wakafuata, kila mmoja akitaka kumpita mwenzake, hata ilipofika mwaka 1970 Chevrolet ikawa inauza Chevelle yenye injini ya lita 7.4 ambayo kwa karatasi ya kiwanda ilikuwa na nguvu za farasi 450. Wamarekani waliyaita magari ya misuli. Hayakuundwa yawe tunu. Vijana waliyanunua, wakashindana nayo barabarani usiku, wakazipasua injini zake, kisha wakayarudisha kwa wauzaji wakidai dhamana. Wauzaji walitia injini nyingine na ile iliyopasuka ikaenda zake. Baadaye bima ikapanda, sheria za moshi zikakaza, mafuta yakaadimika mwaka 1973, na zama zile zikafungwa. Ndiyo maana gari lililobaki na injini liliyozaliwa nayo limekuwa nadra, na nadra huvuta fedha. Mwaka 1971 Plymouth iliunda 'Cuda za paa la kukunjwa zenye injini ya Hemi zisizozidi dazeni moja. Moja yao iliuzwa mnadani Seattle mwaka 2014 kwa dola milioni 3.5.

Mnunuzi wa siku hizi, basi, haridhiki kwa kuambiwa kuwa injini ni ya aina ileile. Huinama na tochi. Tangu mwaka 1968 injini za magari hayo hubeba sehemu ya nambari ya gari lenyewe, na mnunuzi hulinganisha tarakimu kwa tarakimu. Zikilingana, bei ni moja. Zisipolingana, bei ni nyingine kabisa, hata kama gari hilo la pili linakwenda vizuri zaidi.

Tamaa ya uasilia imewafikisha wafufuaji mahali pa ajabu. Hutafuta kabureta yenye tarehe inayotangulia kidogo ile ya kuundwa kwa gari. Huchora upya alama za chaki ambazo mkaguzi wa kiwandani alizitia kwa haraka. Hupulizia rangi ya injini kizembe, ikachuruzika juu ya vyuma visivyohusika, kwa kuwa mfanyakazi wa Michigan mwaka 1969, mwenye zamu ndefu na msimamizi mkali, ndivyo alivyoipulizia. Mtu hutumia wiki nzima kwa uangalifu mkubwa kuiga kutojali kwa mwingine. Jambo hili lachekesha, lakini lina upendo ndani yake, na halimdhuru mtu.

Wagiriki walikuwa na kisa cha merikebu ya Theseus iliyohifadhiwa Athene: kila ubao ulipooza ulibadilishwa, hata watu wakabishana iwapo merikebu bado ni ileile. Wapwani hawakuhitaji kusafiri hadi Athene kulielewa fumbo hilo. Jahazi hubadilishwa ubao mmoja mwaka huu na mwingine mwaka ujao, hukalafatiwa upya, hupata mlingoti mpya na foromali mpya, na nahodha huendelea kulitaja kwa jina alilolirithi wala hapana bandari inayomsuta. Katika karne ya 17 Mwingereza Thomas Hobbes akalizidishia kisa hicho uchungu: je, lau mtu angeziokota mbao kuukuu moja baada ya nyingine na kuziunga upya kwa mpangilio wake wa kwanza, ipi kati ya merikebu mbili ingekuwa ya Theseus? Wanaofufua magari wanaishi ndani ya swali la Hobbes. Injini iliyotolewa katika gari fulani mwaka 1972 haikuyeyuka. Yumkini ilitiwa katika gari jingine, au katika boti, na nambari yake ingali ubavuni. Mwenye gari huitafuta miaka na miaka. Akiipata, nambari zitalingana tena, ingawa vyuma viwili hivyo vimeishi mbalimbali zaidi ya vilivyowahi kuishi pamoja.

Aidha, injini iliyobaki kama ilivyozaliwa ni vigumu kuishi katika dunia ya leo. Iliundwa inywe petroli yenye risasi, ambayo ililinda viti vya vali visilike. Marekani ilipiga marufuku petroli hiyo kwa magari ya barabarani tangu mwaka 1996. Kwa hiyo fundi mwangalifu huchimba silinda hedi na kupachika viti vya chuma kigumu zaidi. Mafuta ya injini nayo yamepunguzwa zinki iliyokuwa ikiihifadhi kamshafti, basi hutafutwa mafuta maalumu. Anayetaka injini ipumue hana budi kuibadilisha kidogo. Asiyetaka kubadilisha chochote ajue kuwa anahifadhi maiti yenye kitambulisho.

Mpaka hapa mtu aweza kusema kuwa ni mchezo wa matajiri, na waachwe wacheze. Ugomvi wa kweli waanza baada ya kisu kupita. Kijukwaa sasa ni kitupu, king'aacho. Mwenye gari anayo picha ya nambari aliyoipiga jana. Anayo pia seti ya vyuma vya kugongea tarakimu, yenye mwandiko unaofanana na ule wa kiwandani. Naye hujitetea hivi: bloku ni ileile, gari ni lilelile, nambari ni ya kweli, akiigonga upya mahali pake, uongo uko wapi?

Hoja hiyo ina nguvu, na wengi wameshindwa kuijibu. Jibu lake liko katika kuuliza nambari ile ni kitu gani hasa. Si habari tu kwamba injini ni ya gari fulani. Habari hiyo ingeweza kuandikwa hata kwenye karatasi. Nambari ni ushahidi. Siku fulani, kiwandani, mtu aliyekuwapo aliishika nyundo na kukitia chuma alama, na alama ile husema: injini hii na gari hili vilikutana hapa. Tuseme wasia umeandikwa mbele ya shahidi, naye ametia saini. Karatasi ikaliwa na mchwa. Mrithi mwaminifu, anayekumbuka kila neno, akaandika upya wasia uleule bila kuongeza wala kupunguza, kisha chini yake akaiga saini ya shahidi. Kila kilichomo ni kweli. Hata hivyo hapana kadhi atakayeupokea akijua, wala hatasema kuwa mrithi amesema uongo juu ya mali. Atasema kuwa amesema kwa ulimi wa mtu mwingine.

Ndivyo ilivyo kwa mwenye gari. Anachokiiga si tarakimu, ni kule kuwapo kwa mtu. Na dalili kwamba yeye mwenyewe alijua hilo ni kuwa hatosheki na tarakimu. Mashine za kiwandani ziliacha juu ya kijukwaa mikwaruzo myembamba iliyonyooka, na wakaguzi huitazama kwa kioo cha kukuzia. Basi wagongaji wa leo wamejifunza kuikwaruza nayo. Asiyeficha kitu ana haja gani na mikwaruzo?

Mtu aweza kuongeza kuwa hana nia ya kuuza, atalipenda gari lake hadi kufa kwake. Hapo ndipo palipo na hatari kubwa zaidi, kwa kuwa kufa atakufa. Watoto wake wataliuza kwa moyo safi, mnunuzi atalipa kwa moyo safi, na uongo utasemwa na chuma peke yake, asiwepo hata mtu mmoja wa kuulizwa.

Na njia ya haki haikukosekana. Chevrolet yenyewe, ilipotoa bloku ya kuziba pengo la iliyopasuka wakati wa dhamana, iligonga herufi CE, alama iliyoitambulisha kuwa ni ya badala. Herufi hizo mbili hupunguza bei, lakini hazimdanganyi mtu. Nchi nyingine pia zimezoea kauli ya namna hiyo: msikiti wa Kizimkazi Dimbani, Unguja, una maandishi ya Kikufi ya mwaka 1107, ilhali sehemu kubwa ya jengo linaloonekana ni ya karne ya 18, na anayesimama mbele ya mihrabu huelezwa yote mawili. Mustang ya mwaka 1968 aliyoiendesha Steve McQueen katika filamu ya Bullitt ilinunuliwa na familia moja mwaka 1974, ikatumika kwa safari za kawaida. Baadaye ilirekebishwa ipate kuwaka, lakini rangi iliyochakaa na makovu viliachwa. Januari 2020, huko Kissimmee, Florida, nyundo ya mnada ililigongea gari hilo dola milioni 3.4.

Lakini si kila gari limepita katika filamu. Gari la kawaida lenye kijukwaa kitupu litapata hasara, na si haki kumwambia mwenye nalo kuwa hasara hiyo ni ndogo. Huenda alikopa ili alifufue. Angeweza kugonga nambari ileile na chini yake mwaka wa leo na alama ya fundi, nakala inayojitangaza kuwa nakala. Lakini mnadani nakala hiyo isingemwongezea hata dola moja.

Karakanani fundi angali anasubiri jibu. Bloku imelala, uso wake umepinda, nambari iko ukingoni na kutu kidogo ndani ya tarakimu ya tatu. Mwenye gari amepiga picha nne, moja ikiwa na rula pembeni, akaziweka katika bahasha pamoja na risiti. Kisha amesema kikate.