Kisahani Badala ya Njiwa

Kila Oktoba, San Antonio katika jimbo la Texas hupokea mashindano ya taifa ya Marekani ya kulenga visahani, mchezo ambao wenyewe huuita sporting clays. Nje ya msimu wa mashindano, viwanja vya mchezo huu kote nchini humo hupokea familia. Baba, mama, shangazi na kijana wa miaka kumi na miwili, wote wamevaa miwani ya kinga na vizibo vya masikio, hutembea vichakani kutoka kituo kimoja hadi kingine. Katika kila kituo mtambo uliofichwa hurusha visahani viwili: kimoja hupaa kwa kuiga bata aliyeshtuliwa, kingine hubingirika ardhini kwa kuiga sungura. Kila kimoja kina kipenyo cha milimita 108 na kimetengenezwa kwa lami na chokaa. Bunduki ni ya marisau, na mlio mmoja hutoa punje ndogo za risasi kwa mamia.

Familia hizo hucheka, hupongezana, hula pamoja. Lakini kilichowakutanisha ni chombo kilichobuniwa kuua, na kwa mtu wa dini au mwenye kutafakari, hapo lazima swali lizuke: je, ni haki kukigeuza chombo hicho kuwa mchezo wa watoto?

Historia ya mchezo wenyewe inasaidia kujibu, maana ilianza na damu. Katika karne ya 19 walengaji wa Uingereza na Marekani walifungia njiwa hai katika vijisanduku, kisha wakawaachia waruke mbele ya mitutu. Mjini Paris mwaka 1900, mwaka wa Michezo ya Olimpiki, karibu ndege 300 waliuawa katika shindano moja. Mbelgiji Léon de Lunden alishinda kwa kuua 21. Uingereza ilikuja kulipiga marufuku jambo hilo kwa sheria mwaka 1921.

Mbadala ulikuwa umeshapatikana zamani. Kwanza ilitumika mipira ya kioo, na mingine ilijazwa manyoya ili ikipasuka manyoya yatapakae hewani. Kisha mwaka 1880 George Ligowsky wa Cincinnati, Ohio, alipata hataza ya kisahani cha udongo wa kuchoma. Vile vya mwanzo vilikuwa vigumu mno kuvunjika, ndiyo maana udongo ukaachwa na lami ikashika nafasi yake.

Manyoya yale ndani ya kioo yanasema mengi. Walengaji walikuwa tayari kumsamehe ndege uhai wake, ila hawakuwa tayari kuikosa raha ya kumwona akianguka. Kisahani cha leo hakina manyoya. Kikipigwa huwa vumbi jeusi, na aliyekipiga hufurahia kwamba jicho na mkono wake vimekubaliana kwa wakati. Thomas Aquinas, mwanateolojia wa karne ya 13, alifundisha kwamba roho huchoka kama mwili unavyochoka na mchezo ndio pumziko lake, mradi furaha isitafutwe katika jambo la aibu au la kudhuru. Kwa kipimo hicho, kumwondoa njiwa lilikuwa badiliko kubwa la kimaadili, hata kama waliolifanya wengi walikuwa wakitafuta tu shabaha ya bei nafuu.

Waislamu walikuwa na mafundisho juu ya jambo hili karne nyingi kabla ya Ligowsky. Imepokewa katika Sahihi Muslim, mkusanyo wa hadithi za Mtume, kwamba sahaba Ibn Umar aliwapita vijana wa Kikureshi waliomfunga ndege na kumfanya shabaha, huku kila mshale uliokosa ukiwa malipo ya mwenye ndege. Walipomwona wakatawanyika. Akawalaani, akieleza kwamba Mtume alimlaani anayekifanya kiumbe chenye roho kuwa shabaha. Watoto wengi wa Afrika Mashariki waliokua na manati mkononi wanaujua vema ushawishi uliowashika vijana wale. Na ni Mtume huyohuyo aliyehimiza watu wajifunze kulenga. Kwa hiyo kilichokatazwa si shabaha, ni roho iliyowekwa mahali pa shabaha.

Hata hivyo mwanafalsafa Plato angekuwa na pingamizi, nalo si jepesi. Katika kitabu cha tatu cha Jamhuri anaonya kwamba kuiga kukianza utotoni hukita mizizi hadi kuwa tabia ya mwili, ya sauti na ya fikra. Kisahani kinachobingirika kinamwiga sungura makusudi. Je, mtoto hazoeshwi kuua?

Jibu la kweli limo katika mambo anayoyafanya mtoto huyo wakati halengi, ambao ndio wakati mwingi zaidi. Hutembea na bunduki iliyokunjuliwa, ili kila mtu aone kwamba ni tupu. Haweki risasi hadi asimame ndani ya kituo, na mtutu hauelekei kwa mtu hata kwa mzaha. Ziko hadithi, katika mikusanyo ya Bukhari na Muslim, zinazomkataza mtu kumwelekezea ndugu yake silaha, kwa kuwa huenda Shetani akauponyosha mkono wake. Mkufunzi wa Texas pengine hajawahi kuzisikia, lakini kanuni anayoisimamia ni ileile. Mtoto aliyeishika kanuni hiyo barabara ameiga kujizuia mara nyingi kuliko alivyoiga kuua.

Waamishi, jamii ya Wakristo wa Pennsylvania, wanalithibitisha jambo hili kwa maisha yao. Wengi wao huwinda kwa bunduki, na bado hukataa kabisa kwenda vitani, kwa sababu Kristo aliwafundisha kutomdhuru adui. Mkono uliozoea bunduki haulazimiki kumgeukia binadamu.

Lakini nidhamu ya uwanjani ina mlinzi, na nyumbani hakuna mkufunzi. Tangu mwaka 2020 silaha za moto ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa Marekani wenye umri wa mwaka 1 hadi 19, zikiwa zimezipita ajali za magari. Hakuna hoja ya Aquinas inayoweza kuuweka ukweli huo kando. Mzazi anayesifu utulivu wa mwanawe kituoni hana budi kueleza pia bunduki italala wapi usiku, imefungiwa ndani ya nini, risasi zimewekwa mbali nayo kiasi gani, na ufunguo anao nani. Viwanja vingi hukodisha bunduki na kumpa mgeni mkufunzi wa kusimama naye. Familia yenye watoto wadogo inaweza kucheza mchana kutwa, ikairudisha bunduki kwa wenyewe, na kwenda nyumbani bila silaha yoyote ndani ya gari.