Bartimayo Alijua Kwamba Haoni

Ndugu zangu wa Goma, Bartimayo alipaza sauti kando ya njia ya Yeriko kwa sababu alijua kwamba haoni. Watu walimkemea, akazidi kulia. Mimi leo ninawalilia wasiolia, kwa kuwa hawajui. Fundi wa Birere anayesogeza cherehani karibu na mlango kila mwezi, akisema miwani imechoka. Mama wa Kituku anayetambua noti kwa kuzipapasa. Baba mwenye kisukari mwaka wa kumi huu, anayemeza dawa bila kukosa, wala hakuna aliyewahi kumtazama ndani ya jicho.

Kisukari hakipigi hodi. Kinaharibu mishipa midogo ya damu iliyo nyuma ya jicho, kwenye retina, ikaanza kuvuja bila maumivu yoyote. Mtu anapokuja kuona ukungu, mara nyingi ugonjwa umekwisha kujenga nyumba. Sisi tunalijua hilo: jioni ya 22 Mei 2021 volkano ya Nyiragongo ilitushukia bila tangazo la onyo, tukakimbia na watoto mgongoni.

Basi sikilizeni. Unaweka kidevu mbele ya kamera inayopiga picha ya nyuma ya jicho, mwanga unamulika mara moja, kwisha. Kwenye kioo linatokea duara la rangi ya chungwa, mishipa imetandaa kama mizizi, na palipo na ugonjwa pana vidoa vyekundu, vidogo kama alama ya ncha ya sindano. Mwaka 2016 watafiti wa Google walitangaza programu waliyoifundisha kwa picha zaidi ya 128,000 zilizosomwa kwanza na madaktari, hata ikajua kuutambua ugonjwa yenyewe.

Msiseme hayo ni ya Ulaya. Hapo ng'ambo ya mpaka, Rwanda, Daktari Wanjiku Mathenge na wenzake waliwafuatilia wagonjwa wa kisukari 275 waliopaswa kufika kwa daktari wa macho. Waliopewa palepale jibu la programu ya namna hiyo, asilimia 51.5 walikwenda. Waliongoja siku kadhaa picha zao zisomwe na mtu, asilimia 39.6. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2022, na kila nikiusoma moyo unaniuma kwa wale waliobaki. Karibu nusu ya walioambiwa saa ileile hawakwenda! Nauli, woga, mtoto wa kuachiwa nani. Mashine haimshiki mtu mkono ikampeleka. Huo ni mzigo wetu, kanisa, na tusimwachie mwingine.

Wala kompyuta haitibu. Kinachotibu ni leza, sindano na mikono ya daktari wa macho, na madaktari hao kwetu ni wachache mno. Kwa nini watumie asubuhi nzima kuchunguza macho yaliyo mazima, huku anayepofuka akingoja nje kwenye benchi?

Wenye hospitali na vituo vya afya, tafuteni kamera hiyo, iwekwe chumba kilekile mnachopimia sukari. Wachungaji, mapadri, mashehe, litangazeni, kisha mchange nauli. Nawe mwenye kisukari, usingoje ukungu. Hata kama unasoma Biblia yako bila miwani, kapimwe mwaka huu, na kila mwaka. Mwambie muuguzi: nitazameni nyuma ya jicho.