Mita Haimjui Mwenye Nyumba

Kuna swali linaloonekana dogo, hata la kuchekesha: mashine ikimtoza hela mtu ambaye hakupaswa kutozwa, ni nani aliyemkosea? Mashine haina dhamira. Aliyeipanga yuko ofisini, mbali, na hakumkusudia mtu yeyote ubaya. Na aliyetozwa anaona aibu kulalamika, maana kiasi chenyewe ni kidogo.

Tangu tarehe 20 Agosti 2021, kodi ya majengo Tanzania inakusanywa kupitia LUKU. Ukinunua umeme, kodi ya mwezi inakatwa kwanza, uniti zinafuata. Ilianza na shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 5,000 kwa kila sakafu ya ghorofa. Julai 2023 ikapanda hadi 1,500 na 7,500. Ukikaa miezi miwili bila kununua umeme, deni linakusubiri.

Kwa mkusanyaji kodi, huu ni ujanja wa maana. Nyumba za Tandika, Buza na Mbagala zimejengwa kwa kubanana, nyingine bila hati wala namba ya kiwanja. Kuzizungukia moja moja ni kazi ya kuchosha na ya gharama. Lakini karibu kila nyumba ina mita. Basi mita ikawa ndiyo nyumba.

Sasa ingia kwenye nyumba moja ya vyumba sita, zile zetu za korido katikati na vyumba huku na huku. Mwenye nyumba haishi hapo. Mita ni moja na wapangaji wanachangishana: mwenye friji anatoa zaidi, mwenye taa moja na chaja ya simu anatoa kidogo. Yule ambaye zamu yake ya kununua imeangukia mwanzo wa mwezi ndiye anayekuta uniti zimepungua. Anawaeleza wenzake, wanaguna, kisha wanagawana. 1,500 kwa vyumba sita ni 250 kila chumba. Nani atagombana na baba mwenye nyumba kwa ajili ya 250?

Kisheria, kodi hii ni ya mmiliki. Mpangaji aliambiwa akilipa akubaliane na mwenye nyumba, amkate kwenye kodi ya pango. Ushauri huo ni sahihi kabisa kwenye karatasi. Ila anayejua maisha ya kupanga Temeke anajua ni nani mwenye sauti hapo. Mwenye nyumba anaweza kukwambia vizuri tu, bila hata kukasirika, "Kama unaona shida, mwanangu, vyumba viko vingi mjini." Mfumo umeacha mkono mmoja umdai mnyonge, halafu umemwambia mnyonge akamdai mwenye nguvu.

Wapo watakaosema naipamba enzi ya zamani. Hapana. Utawala wa kujuana sura nao ulikuwa na maonevu yake. Mjumbe alijua nani ana nyumba na nani kapanga, lakini pia alijua nani ni shemeji yake. Barua ya mtaa ingeweza kuchukua siku tatu au dakika tatu, kutegemea ulivyokuja. Mashine haina shemeji. Inamtoza mwenye cheo sawa na muuza mihogo, na kwa watu waliozoea kunyanyaswa kwenye madirisha ya ofisi, hilo si jambo dogo.

Hata hivyo, mjumbe alikuwa na kitu kimoja ambacho mita haina: masikio. Ungeweza kumfuata jioni ukamwambia, "Mzee, hii nyumba siyo yangu," naye akalazimika kujibu kitu, hata kama jibu lenyewe ni la hovyo.

James C. Scott, katika kitabu chake Seeing Like a State cha mwaka 1998, alitenga sura nzima kwa vijiji vya ujamaa vya Tanzania. Hoja yake kubwa ni kwamba dola hurahisisha maisha ya watu ili iweze kuyasoma kutoka mbali, na yale isiyoweza kuyasoma huyaumiza. Wakati wa Operesheni Vijiji watu walihamishwa ili wapangike. Leo hakuna anayehamishwa. Namba ndiyo inayomfuata mtu chumbani. Lakini kurahisisha ni kulekule: "mnunuzi wa umeme" amefanywa awe "mwenye nyumba", kwa sababu huyo ndiye anayeonekana.

Takwimu zenyewe hazina ugomvi na watu. Mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria uliwatoa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakapita vichochoroni pamoja na wakazi kuchora ramani za maeneo yanayofurika. Mkazi ndiye anayejua mtaro unaziba wapi na maji yanafika dirisha lipi. Ramani hizo zilitengenezwa kwa kuuliza. Mita inachukua bila kuuliza. Zote mbili tunaziita data, na zote zinasaidia kutawala jiji, lakini katika moja mwananchi ni shahidi na katika nyingine ni chanzo tu cha mapato.

Na hapa ndipo hasara kubwa ilipo, kuliko hata hiyo 250. Anayelipa kodi ana haki ya kuuliza: mtaro wetu vipi, taka zinazolewa lini? Mpangaji wa Mbagala analipa kila mwezi, lakini kwenye kumbukumbu mlipaji ni mwenye nyumba. Amechangia jiji bila jina lake kuandikwa popote. Hela yake imefika, yeye hajafika.

Kwa hiyo jibu langu kwa lile swali ni hili: aliyemkosea ni yule aliyeweka mkono wa kuchukua bila kuweka sikio la kusikiliza. Kosa lenyewe linaweza kumpata yeyote, mfumo wowote hukosea. Kinachogeuza kosa kuwa dhuluma ni kukosekana kwa mtu hapo mtaani mwenye uwezo wa kulisahihisha. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa anajua ni nani mmiliki, nani mpangaji, nani mzee asiyestahili kutozwa. Apewe nafasi ya kuuambia mfumo, na mfumo ulazimike kumjibu. Vinginevyo tutakuwa na jiji linalotufahamu kwa uniti tu, na likishakata chake halina tena la kutuuliza.